Mijusi wa Chumba cha Kimya

Asubuhi ile ya Ijumaa nilimkuta Kasuku amekaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, koti lake jeupe la maabara limeshika vumbi, analia bila sauti. Msichana yule hakuwa mtu wa kufanya jambo lolote bila sauti, ndiyo maana wenzake walimwita Kasuku. Nikaweka ndoo yangu chini.

"Kuna nini?"

"Kaangalie mwenyewe, Mama Mijusi. Karatasi iko ukutani."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwa nimezaa, lakini wanafunzi wote sita waliniita Mama Mijusi kwa sababu kulisha mijusi na kusafisha masanduku yao ya vioo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikaingia maabara.

Karatasi ilikuwa na vyumba vidogo vidogo kama vigae vya bafuni, vingine vyekundu, vingine vya bluu. Shule niliiacha darasa la sita mama alipougua, lakini maana ya picha ile nilikuwa nimeshaelezwa mara nyingi, na mtu mvumilivu. Ndani ya kila mjusi kuna jeni, kama maagizo aliyoachiwa na wazazi wake ya namna ya kuishi. Mjusi akistarehe, maagizo mengi yamelala. Akipatwa na msongo, iwe joto, kiu au hofu, kuna mengine yanaamka ili kumwokoa. Nyekundu ni yaliyoamka. Bluu ni yaliyolala.

Mijusi wetu walitoka kwenye kisiwa kidogo cha mawe matupu, kisicho na watu, wala paka, wala kivuli. Kila mwaka Profesa alichukua wanafunzi sita akawafundisha kazi hiyo yote, kuanzia kumshika mjusi hadi kuisoma picha. Nusu ya mijusi waliwekwa chumba cha joto, taa kali juu yao. Nusu nyingine waliwekwa chumba cha kimya. Huko kulikuwa na feni na pazia, mlango ulifungwa kwa ufunguo, na hakuingia mtu ila mimi, saa moja asubuhi, dakika kumi tu. Wiki nne zikiisha, kila mwanafunzi anakata ncha ndogo ya mkia, ambayo huota tena, anaitia kwenye kichupa chenye dawa, na kichupa kinakwenda kwenye mashine. Mijusi wa joto walitakiwa watoke wekundu. Wa chumba cha kimya walitakiwa watoke bluu, ili wanafunzi wawe na cha kulinganishia.

Karatasi ya ukutani ilikuwa kinyume. Wa joto walikuwa bluu karibu wote, kama watu waliolala mchana. Chumba cha kimya kilikuwa chekundu kuanzia juu hadi chini.

"Wanasema nimechanganya vichupa." Kasuku alikuwa amenifuata, anajifuta pua kwa mkono wa koti. "Vile vya chumba cha kimya nilivishughulikia mimi. Leo saa tisa alasiri tunakaa na Profesa. Nikishindwa kueleza, siendi kisiwani na wenzangu, na cheti ndiyo basi tena."

"Ulichanganya?"

"Sikuchanganya. Kila kichupa nilikiandika namba mara mbili, hadi wakanicheka. Mimi ni domo tu ndilo halina breki, mikono yangu haina tatizo. Si wewe ndiye ulinifundisha?"

Ni kweli nilimfundisha. Mwalimu wao, kijana msaidizi wa Profesa, aliwapa kila mmoja yai bichi la kupanda nalo ngazi mbio, ghorofa tatu. Likipasuka, hujafikia kumshika mjusi. Waliofika juu na yai zima aliwaleta kwangu, akasema mbele yao, "Sasa mtazameni huyu. Mimi mwenyewe simwezi." Nikawaonyesha, huku nimetazama chini kwa haya, namna kiganja kinavyokuwa kama kiota na kidole gumba kinavyokaa chini ya kidevu bila kubana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumfundisha mtu kitu.

Nilitaka kumwambia Kasuku neno. Nikamwokotea miwani yake ya kazi iliyokuwa imeanguka, nikampa, nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu. Nilijua fika ni akina nani waliokuwa wakiingia chumba cha kimya.

Kosa lilianza kwangu. Kantini ya chuo ina meza ndefu na watu wengi, na mimi nikikaa mbele ya watu sijui pa kuyaweka macho, hata kutafuna kunanishinda. Ufunguo wa chumba cha kimya nilikuwa nao mfukoni. Siku ya kwanza baada ya mijusi kuingizwa, saa saba mchana, niliingia na mkate wangu, nikakaa sakafuni kati ya masanduku. Sijamaliza kuumega, mlango ukafunguliwa. Mwalimu alikuja kuangalia kipimajoto.

Nilisimama na mkate mdomoni. Nilijua kazi imekwisha. Yeye akanitazama, akatazama mkate, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

"Kuna nafasi ya mtu mwingine?" akauliza.

Kesho yake alikuja na mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha karatasi. Siku ya tatu hakuwa na kisingizio chochote mkononi, alikuja tu. Akinieleza habari za jeni, mimi nikimweleza ni mjusi gani mchokozi na yupi ananuna. Nilikuwa namwangalia mikono, maana macho yake sikuyaweza. Akicheka, alikuwa anainamisha kichwa kama anayeona aibu kuwa na furaha. Siku moja nilimuuliza, "Hawa hatuwasumbui?" Akayatazama masanduku, akasema, "Watatuzoea." Nikaamini. Yeye si ndiye mwenye elimu yake.

Nyumbani kwetu mama mdogo alishanionya. "Mtu aliyesoma hivyo anakupenda kama anavyopenda hao wadudu wake," alisema huku anakunja nguo. "Akishajua unavyokula na unavyolala, anahamia kwa mwingine." Nilimwambia mijusi si wadudu. Akasema kama hilo ndilo jibu nililonalo, basi Mungu anisaidie.

Saa nne Mwalimu alinifuata stoo ya nyenje, ninakofugia chakula cha mijusi. Nyenje wale wanapiga kelele kutwa, mtu akisimama nje hasikii kinachosemwa ndani. Alikuwa hajachana nywele.

"Umeiona karatasi?"

"Nimeiona." Niliendelea kukata karoti za nyenje. "Ni sisi?"

Akasukuma mlango ukafunga nyuma yake.

"Mwalimu, nimekuuliza. Ni sisi?"

"Usiniite Mwalimu tukiwa wawili."

"Nitakuita vyovyote utakavyo ukishanijibu."

Akaegemea rafu. "Ni sisi. Joto wale wamezaliwa nalo, mawe ya kule yanachoma kuliko taa zetu. Mtu ndiye hawajawahi kumwona. Sisi tunaingia, tunaongea, tunacheka, kila mchana. Kwao sisi ndio balaa."

Kisu kikasimama. Nilikuwa nimewapenda mijusi wale. Kila mchana nilidhani wanatusikiliza.

"Basi mwambie Profesa," nikasema.

"Nitamwambia Jumatatu."

"Kikao ni leo saa tisa."

"Jumapili kuna nini?"

Nilijua kuna nini. Mama yake alikuwa amekubali kuniona. Ilimchukua Mwalimu wiki mbili nzima kumlainisha, na dada yake alikuwa upande wa mama.

"Leo likisikika kwamba nilijifungia na wewe chumbani mwezi mzima," alisema, "unadhani Jumapili mama atatufungulia mlango? Niachie siku mbili tu, bibie. Akishakuona, akishakuzoea, nitasema yote."

"Jumatatu majina ya wanaokwenda kisiwani yatakuwa yameshapelekwa. Kasuku hatakuwemo."

"Nitalirekebisha."

"Utalirekebishaje? Utamwotesha kama mkia?"

Akanitazama kwa mshangao, maana mimi si mtu wa maneno makali. Hata mimi nilijishangaa.

"Nisikilize," akasema, na sasa alikuwa amesogea, harufu ya sabuni yake nikaisikia. "Ukisema leo, mimi watanipa onyo. Wewe ni kibarua, huna mkataba, wewe watakutoa leo leo. Nakulinda."

"Unanilinda mimi au unajilinda wewe?"

Kelele za nyenje zilijaa stoo yote. Nilisubiri aseme "nakulinda wewe". Angesema hivyo ningemwamini, nadhani. Angesema "najilinda mimi" ningemchukia, nikapata nafuu.

"Sijui," akasema.

Akanyoosha mkono kama anayetaka kunishika shavu, kisha akaurudisha mfukoni, akatoka. Nilibaki na karoti. Kama angenidanganya ningejua la kufanya na uongo wake. Ile "sijui" niliigeuza huku na huku asubuhi nzima, kila upande niliougeuza ulikuwa na mwanga wake na kiza chake.

Saa saba dada yake Mwalimu aliniita. Ni katibu wa idara, ofisi yake iko mwanzo wa korido na dirisha lake linaona kila mlango. Mwanamke nadhifu, viatu vya kisigino kirefu, mezani hana hata kalamu iliyolala upande. Mimi na watu wengine tulimwita Dada Katibu, wengine kwa heshima, wengine kwa woga.

"Kaa."

"Nitasimama tu, Dada."

"Kaa, binti. Shingo inaniuma kukuangalia juu."

Nikakaa kwenye ncha ya kiti.

"Sitazunguka," alisema. "Mdogo wangu amemwambia mama utakuja Jumapili. Mimi sina ugomvi na wewe. Una adabu, kazi yako nzuri, korido hii haijawahi kunuka tangu uje. Lakini nikuambie kitu. Darasani mimi nilikuwa na akili kumshinda. Baba alipofariki ilibidi mmoja abaki nyumbani, nikabaki mimi. Yeye akasoma, mimi nikajifunza kupiga chapa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Hunielewi. Sikubaki nyuma mimi ili yeye, baada ya kusoma hivyo, aje atuletee nyumbani mwingine aliyebaki nyuma."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na rangi ya karoti.

Akafungua droo, akatoa barua iliyoandikwa tayari, bado haijasainiwa. "Bweni la wasichana upande wa pili wa mji wanatafuta msimamizi wa usafi. Mkataba kamili, likizo, kila kitu. Nikiipeleka leo, Jumatatu unaanza. Jumapili utasema unaumwa. Na yeye nitamtuliza mwenyewe, nimezoea."

Kazi yenye mkataba. Nilikuwa nimeiota miaka minne. Na pale pale nikaona kwamba yeye hajui habari za chumba cha kimya, na kwamba nikikubali hatajua kamwe, na Mwalimu atakuwa salama, na mama yao, na mimi. Watu wote tungekuwa salama isipokuwa mmoja aliyekuwa analia koridoni.

"Nipe hadi saa tisa, Dada," nikasema.

"Saa tisa nina kazi ya kupeleka majina kwa Profesa. Nipe jibu kabla."

Sikumpa jibu. Nilijifungia chooni nikanawa uso mara tatu. Nilimpenda Mwalimu. Hilo lilikuwa la wazi, halikuwa na bluu wala nyekundu. Lakini nilimpenda yupi? Yule aliyekaa sakafuni akanimenyea yai, au huyu wa "sijui" na "Jumatatu"? Na kama ni mtu mmoja, mbona nilipomtazama asubuhi nilimwona wa kwanza na kumsikia wa pili?

Saa tisa Profesa aliagiza niwalete mijusi wawili maabara, mmoja wa kila chumba, wanafunzi wawaangalie tena. Niliingia na masanduku yangu, nikayaweka mezani, nikarudi nyuma hadi karibu na mlango. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye vigoda virefu. Mwalimu alisimama dirishani. Profesa, bibi wa miaka sitini na kitu, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba, alikuwa na sauti ndogo inayofanya watu waache hata kupumua ili wamsikie.

"Eleza," alimwambia Kasuku.

Kasuku akaeleza. Akaeleza namba alivyoandika, friji alivyofungua, kinga za mikono alizobadilisha, hadi alichokula siku ile. Mtu akacheka. Profesa hakucheka.

"Yote uliyosema ni sawa, na majibu bado ni kinyume. Kitu kimoja hapo hakiwezi kuwa kweli. Unaonaje?"

"Sina la kuona, Profesa." Sauti ya Kasuku ikakatika. "Labda nilichanganya. Mimi sijui tena."

Alikuwa anaanza kuamini kwamba mikono yake ndiyo mibaya. Mikono ile niliifundisha mimi.

"Hakuchanganya."

Sauti ilikuwa ndogo, nikadhani nimesema moyoni. Lakini vichwa vyote viligeuka.

"Nani amesema?" Profesa akavaa miwani.

"Mimi, Profesa. Mijusi wa chumba cha kimya hawakuwa kimya. Mchana nilikuwa naingia kula chakula humo. Kila siku. Sikuandika kwenye daftari la mlango."

"Ulikuwa peke yako?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Peke yangu."

Profesa akaigeukia karatasi, akaipitia na ncha ya kalamu, hana haraka. "Mtu mmoja, anakula kimya kimya. Na wekundu wote huu?"

"Nilikuwa naimba," nikasema.

"Mama Mijusi," Kasuku akasema, machozi bado yako mashavuni, "wewe hata kuitika salamu tunakuvuta kwa kamba. Uimbe?"

Wakacheka, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Katikati ya kicheko kile Mwalimu akasema, "Tulikuwa wawili."

Kicheko kikazimika.

"Siku kumi na tisa," akaendelea. Hakunitazama, alimtazama Profesa. "Kuanzia saa saba na robo hadi saa nane kasoro dakika tano. Zilitakiwa ziwe siku ishirini, lakini Jumanne ya wiki ya pili yeye alikuwa na homa. Siku hiyo niliingia peke yangu, nikakaa dakika tano, nikatoka. Alhamisi ya wiki ya tatu tulicheka sana, na mijusi watatu wa safu ya chini wakaacha vipande vya mikia kwa hofu. Namba zao ni saba, kumi na moja na kumi na nne."

Kasuku akafunua daftari lake haraka. "Saba, kumi na moja, kumi na nne. Hao ndio wekundu kuliko wote." Akainua uso, anawatazama wenzake mmoja mmoja. "Kwa hiyo mwezi mzima tulikuwa tunawapima nyinyi wawili."

Safari hii hakucheka mtu, ingawa mmoja alikohoa.

"Ulijua?" Profesa akamuuliza Mwalimu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilijidanganya kwamba watazoea."

"Wewe ndiye unayewafundisha hawa kwamba mjusi wa kisiwa kile hazoei. Kwa nini uliendelea?"

Alifungua mdomo, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu darasani. Shingo yake ikawa nyekundu. "Jibu ninalo, Profesa," akasema, "ila si la kuandika hapo."

Profesa akavua miwani, akaiacha ianguke kifuani. Aliongea bila kupandisha sauti. Vichupa vya Kasuku, alisema, ndivyo visafi kuliko vyote alivyoviona miaka ya karibuni, na jina lake litatangulia kwenye orodha ya kisiwani. Mwalimu haendi kisiwani. Atabaki aanze kazi ya chumba cha kimya upya, peke yake, na mlango utafungwa na mtu mwingine. Kisha akanigeukia.

"Wewe utaniachia ufunguo, mwanangu. Sina namna. Lakini mikono yako nitaikosa."

Niliuweka ufunguo mezani. Nilipogeuka, Dada Katibu alikuwa amesimama mlangoni na orodha yake ya majina mkononi. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Uso wake ulionyesha amesikia tangu mwanzo.

Nikampita. Nyuma yangu nilisikia Mwalimu anasema, "Ngoja," na Profesa anasema, "Wewe kaa, hatujamaliza."

Nilishuka ngazi zile za ghorofa tatu nikiwa sina kazi, na kichwa kimejaa hesabu za mtu mwingine. Siku kumi na tisa. Saa saba na robo. Hakuwahi kuandika, ningemwona. Mwanamume anaweka kichwani dakika zote hizo kwa sababu anapenda, au kwa sababu kupima ndiyo kazi yake na hawezi kuiacha mlangoni? Ile Jumanne niliyolala na homa, alikaa dakika tano na mijusi anafanya nini? Na aliposimama, alisimama kwa ajili yangu, au kwa sababu uongo wangu wa kuimba ulikuwa unaharibu majibu yake? Nilitamani kucheka, nilitamani kulia, mwisho sikufanya lolote. Nilifika uani nikasimama karibu na bomba, sikumbuki kwa nini.

Ndipo nikasikia visigino. Ko, ko, ko, vinakuja mbio, kisha vikanyamaza. Nikageuka. Dada Katibu alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, anakuja peku juu ya saruji, anahema.

"Unakwenda kama unafukuzwa," akasema.

"Nimefukuzwa, Dada."

"Najua. Nilikuwepo." Akapumua. "Kwa nini ulisema uko peke yako?"

"Sijui."

"Hujui. Na yeye nimemuuliza pale mlangoni kwa nini alisimama, ananiambia hajui. Mtaishije nyumba moja watu wawili msiojua kitu?"

Akakaa kwenye ukingo wa saruji wa bomba, akajipangusa nyayo, kwanza moja, kisha nyingine. Niliona kidole chake kidogo kina lengelenge.

"Usidhani nimefurahi," akasema. "Nina hasira hadi masikio yanawaka. Mwezi mzima, mbele ya dirisha langu, na mimi sijui. Mimi."

"Nisamehe, Dada."

"Nyamaza kwanza." Akalibonyeza lile lengelenge. "Utotoni, kikombe kikivunjika nyumbani, nilikuwa nasema nimevunja mimi. Alikuwa mdogo, namwonea huruma. Dirisha, mimi. Redio ya baba, mimi. Nikazoea, na yeye akazoea. Leo nilipokusikia unasema 'peke yangu', nikasema moyoni, huyo kapata mwingine wa kumbebea. Nilikuwa nimeshageuka niondoke." Akageuza kiatu mkononi, anakitazama kama kina maandishi. "Sijawahi kumwona anasimama. Hata siku moja. Miaka thelathini."

Juu, ghorofa ya tatu, dirisha la maabara lilikuwa wazi. Kuna mtu alisimama pale, mwanga ulinizuia kumwona uso. Moyo ukanipiga hata hivyo. Nikatazama chini haraka.

"Jumapili nisije?" nikauliza.

"Mama leo leo nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu wa kutia chumvi. Atapiga kelele. Atasusa kula. Jumamosi atauliza unafananaje. Mimi namjua."

"Lakini ile barua ya bweni, na ulivyosema mchana..."

"Mchana nilisema ya mchana. Barua nitaisaini, kazi unaihitaji, sijasema sharti tena." Aliinuka, akaniwekea mkono begani bila kuniomba, akavaa kiatu kimoja huku ameniegemea kwa uzito wake wote, kisha cha pili. Uso ulimkunjamana kwa lile lengelenge. "Tembea basi, wifi. Taratibu, kiatu kinanibana."

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama mbele, getini, amekunja uso vile vile. Sikuweza kujua kama neno lile lilimponyoka kwa maumivu au alinipa kwa kukusudia, na sikuthubutu kuuliza, nikiogopa atalirudisha. Mkono wake haukutoka begani. Nikapunguza mwendo hadi ukawa kama wake.